Kuchagua Bledi ya Msumeno wa Meza kwa Kingo Zilizo Tayari kwa Gundi

Ukingo wa ubao huwa tayari kwa gundi unapokuwa umenyooka toka mwanzo hadi mwisho, umesimama mraba na uso wa ubao, na nyuzi zake zimekatwa badala ya kusagwa au kuunguzwa. Mambo mawili ya kwanza hutegemea zaidi mashine na mkono wa fundi. Hilo la tatu ni kazi ya bledi. Gundi ya kawaida ya mbao, nyeupe au ya njano, hushika kwa kupenya kidogo ndani ya nyuzi za pande zote mbili na kuacha utando mwembamba kati yake. Haikuundwa kuziba nafasi, kwa sababu hupoteza maji na kunywea inapokauka, kwa hiyo pengo lililojazwa gundi hubaki kuwa sehemu dhaifu hata kama kwa macho linaonekana limezibika.

Hapo ndipo wengi wanapokosea katika kupima ubora wa mkato, kwani huchukulia kwamba ukingo unaong'aa kama kioo ndio bora kuliko wote. Mara nyingi mng'ao huo hutokana na meno yaliyosugua mbao baada ya kuikata, au kabla hata hayajaweza kuikata, na nyuzi zilizosuguliwa kwa joto hujifunga zikakataa kunywa gundi. Dondosha tone la maji juu ya ukingo: likitandaa na kuanza kunywewa katika muda mfupi, mbao iko wazi; likikaa kama shanga juu ya jani la mgomba, ukingo umeungua au umesuguliwa, na gundi itatendewa vivyo hivyo. Alama nyembamba za meno zinazoonekana kwa jicho lakini hazikwami ukipitisha ukucha hazina madhara yoyote katika kiungo.

Idadi ya meno

Kosa la pili, ambalo mimi mwenyewe nililifanya kwa fedha zangu, ni kununua bledi yenye meno mengi kuliko zote dukani kwa imani kwamba meno mengi ndiyo ulaini. Bledi ya meno 80 hufanya kazi nzuri sana inapokata mbao kwa kukingama nyuzi, au inapokata plaiwudi, lakini katika kupasua kwa kufuata nyuzi iliniachia kingo nyeusi zenye harufu ya moshi. Sababu yake hueleweka vizuri ukipiga hesabu ndogo. Chukua msumeno unaozunguka mara 4,000 kwa dakika, na ubao unaosukumwa kwa mwendo wa mita 6 kwa dakika. Bledi ya meno 24 hupitisha meno 96,000 katika dakika hiyo, kwa hiyo kila jino humega karibu milimita 0.06 za mbao. Bledi ya meno 30 humega milimita 0.05. Bledi ya meno 80 hupitisha meno 320,000, na kila jino hubakiwa na milimita 0.02 hivi, kiasi ambacho ni kidogo mno kwa jino kujichimbia vizuri, hasa likiwa limeanza kuwa butu. Jino lisilopata cha kumega husugua, na kusugua ndiko huzaa joto. Fundi anapoona moshi hupunguza mwendo wa kusukuma kwa hofu, na kwa kufanya hivyo hupunguza zaidi kile ambacho kila jino linamega, hivyo ubao unazidi kuungua.

Kuna pia suala la mahali pa kuweka takataka. Mbao inayopasuliwa kwa kufuata nyuzi hutoa nyuzinyuzi ndefu, na hizo huhitaji bonde pana kati ya jino na jino ili zibebwe hadi nje ya mkato. Bledi yenye kipenyo cha milimita 254, yaani inchi 10, ina mzingo wa karibu milimita 798. Ukiigawanya kwa meno 24 unapata milimita 33 kutoka jino hadi jino, na ukiigawanya kwa meno 80 unapata milimita 10 tu. Ubao wa unene wa milimita 25 ukikatwa na bledi hiyo iliyoinuliwa milimita 10 juu ya uso wake, tao la bledi lililozama ndani ya mbao upande wa mbele lina urefu wa karibu milimita 46. Kwa hiyo bledi ya meno 24 huwa na jino moja au mawili ndani ya mbao kwa wakati mmoja, na ya meno 80 huwa na manne au matano. Ubao ukiwa wa milimita 50, tao hilo hufikia milimita 78 na meno yaliyozama kwenye bledi ya pili hukaribia manane, yote yakisukumana na takataka isiyo na pa kwenda.

Kwa kupasua mbao ngumu ya kawaida yenye unene wa milimita 20 hadi 25, ambayo ndiyo kazi kubwa ya kuunga vibao kuwa meza, mlango au rafu, tafuta bledi ya meno 24 hadi 40 kwa kipenyo cha inchi 10. Ndani ya upeo huo, meno 30 yaliyonolewa mahususi kwa kingo za gundi ndiyo chaguo langu la kwanza. Mbao ikizidi unene huo, shuka hadi meno 24 au hata 20, na ukubali kwamba huenda ukahitaji kupitisha randa mara moja baadaye.

Umbo la jino

Idadi peke yake haitoshi, kwa maana bledi mbili zenye meno 30 kila moja zinaweza kuacha kingo zisizofanana hata kidogo. Jino lenye kichwa bapa hukata kama patasi: lina nguvu, hukaa na makali muda mrefu, na huacha sakafu bapa katika mfereji, lakini pembe zake huweza kung'oa nyuzi pembeni. Meno yaliyochongwa kwa mshazari, moja likiegemea kushoto na linalofuata kulia, yana ncha zinazochana nyuzi za pembeni kabla hazijang'oka. Ndiyo yanayofaa zaidi kwa kukata kwa kukingama, na huacha ukingo safi pia katika kupasua, ingawa ncha hizo huisha makali mapema. Aina ya tatu hubadilishana jino refu lililokatwa pembe zake zote mbili na jino bapa lililo fupi kidogo. La kwanza hufungua njia katikati, na la pili hufuata likisafisha kuta zote mbili. Kwa kuwa kazi imegawanywa, jino la kusafisha halibebi mzigo mkubwa, na kuta hubaki sawa. Bledi nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kingo za gundi hutumia umbo hili la tatu, na hustahimili vilevile mbao zenye chembe za silika kama msaji, ambazo hula makali haraka.

Jambo ambalo watu hulitaja kwa nadra, na ambalo kwa maoni yangu ndilo hasa huitenga bledi ya gundi na bledi nyingine za kupasua, ni kiasi ambacho jino limetokeza nje ya bamba la bledi kila upande. Bledi ya kupasua ya kawaida huacha nafasi kubwa hapo ili bamba lisiguse mbao kamwe, hata mbao inapojibana. Katika bledi ya gundi nafasi hiyo imepunguzwa, na upande wa jino, kwa kuwa uko karibu sambamba na ukuta wa mkato, hupita ukilainisha alama zilizoachwa na ncha. Faida hiyo ina gharama yake. Bledi ya namna hii haivumilii mbao nene, haivumilii ubao uliopinda unaojibana nyuma ya mkato, na haivumilii reli ya mwongozo, ile ambayo ubao huegemezwa ukisukumwa, ikiwa imekaa upande. Ndiyo maana watengenezaji wengi huipangia unene wa mwisho wa karibu milimita 25, na anayeuvuka hurudishiwa ukingo ulioungua ambao anaweza kudhani ni kosa la bledi.

Mwinamo wa jino kuelekea mbele nao huathiri mkato. Bledi za kupasua huwa na digrii 18 hadi 22, na jino la namna hiyo huuma kwa nguvu na kuvuta ubao, hivyo kusukuma kunakuwa rahisi. Bledi zenye mwinamo hasi zimetengenezewa misumeno ambayo bledi yake husafiri juu ya mbao. Ukiifunga moja kwenye msumeno wa meza kwa kupasulia utasukuma kwa nguvu nyingi bila sababu, na kutumia nguvu nyingi karibu na bledi ni hatari.

Unene wa mkato, na kile cha kutazama dukani

Bledi nene hufungua njia ya karibu milimita 3.2, na bledi nyembamba karibu milimita 2.4. Kwa ukingo wa gundi, bledi nene ni bora panapokuwa na mota ya kuiendesha, kwa sababu bamba lake ni gumu na halipindi joto likipanda au nyuzi zinapojaribu kulisukuma pembeni. Lakini mashine ndogo yenye mota ya chini ya kilowati 2 mara nyingi hulemewa nayo katika mbao ngumu, na bledi inayopunguza mzunguko ndani ya mbao huacha ukingo mbaya kuliko bledi nyembamba inayozunguka kwa kasi yake kamili. Mwenye mashine ya namna hiyo achague nyembamba bila haya yoyote. Ahakikishe tu kwamba kisu cha kutenganisha, lile bati linalosimama nyuma ya bledi kuzuia mkato usijifunge, ni kinene kuliko bamba la bledi na ni chembamba kuliko njia inayokatwa na meno. Kikiwa kinene kuliko njia, ubao utakwama katikati ya kazi. Kikiwa chembamba kuliko bamba, mkato utaweza kujifunga na kuibana bledi, na ubao uliobana bledi hurushwa nyuma kumwelekea fundi.

Ukiwa na bledi mkononi kabla ya kulipa, tazama vipande vya kabaidi, ile metali ngumu sana inayofanya makali, vilivyoungwa kwenye meno. Vipande vinene huruhusu kunolewa mara nyingi, na hapo bei ya juu hujirudishia yenyewe. Mahali pa kuungia pawe pamejaa, pasipo vitundu. Uso wa kabaidi ulionolewa kwa jiwe laini huonekana kama umepigwa msasa mwembamba sana, ilhali ule ulionolewa kwa haraka huonyesha mistari ya wazi ambayo itajichora kwenye mbao. Nafasi nyembamba zilizokatwa kwenye bamba kuanzia ukingoni hukipa chuma nafasi ya kutanuka kinapopata moto, na zile zilizopindapinda ndani ya bamba hupunguza mtetemo na kelele. Shimo la katikati lilingane na shafti ya mashine yako bila kucheza, na kasi ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye bledi iwe sawa na ya mashine au izidi. Hili la mwisho si la kupuuza: bledi ya inchi 10 katika mizunguko 4,000 kwa dakika hubeba meno yake kwa mwendo wa mita 53 kwa sekunde.

Asiyeweza kumiliki bledi zaidi ya moja anaweza kuridhika na bledi ya meno 40 ya mshazari, au ile ya meno 50 iliyopangwa kwa mafungu ya meno matano, manne ya mshazari na moja bapa, yenye bonde pana kati ya fungu na fungu. Zote mbili hupasua kwa usafi unaokubalika kwa gundi katika mbao za milimita 20 mashine ikiwa imepangwa sawa. Hazifikii bledi mahususi, na zitahitaji usukume taratibu kidogo kuliko unavyopenda, lakini nimeunga kwazo mbao nyingi ambazo hazijaachana. Kwa plaiwudi na mbao zilizofunikwa kwa laminati mambo ni mengine: hapo meno 80 yana haki yake, kwa kuwa adui ni kupasuka kwa tabaka la juu, na takataka ya kubeba si nyingi.

Mpangilio wa mashine

Bledi nzuri kwenye mashine iliyokaa upande ni fedha iliyotupwa, na ningemshauri mtu atumie siku nzima kupanga mashine kabla ya kutumia pesa kwa bledi ya pili. Chomoa waya wa umeme kwanza. Toa bledi, kisha futa kikombe cha shafti kinachoishikilia, kwa sababu chembe ndogo ya utomvu hapo huzaa kuyumba kukubwa kwenye meno: hitilafu ya milimita 0.02 kwenye ukingo wa kikombe chenye kipenyo cha milimita 60 huwa zaidi ya milimita 0.08 kwenye ncha za bledi ya inchi 10, na bledi iliyopangiwa kulainisha ukuta haiwezi kuficha kuyumba kwa kiasi hicho.

Rudisha bledi, weka alama kwenye jino moja, na upime umbali kutoka mfereji wa meza, ule uliochongwa kwenye uso wa meza kando ya bledi, hadi jino hilo likiwa mbele, halafu lizungushe hadi nyuma na upime tena. Kutumia jino lilelile mara zote mbili huondoa makosa ya bledi yenyewe kwenye kipimo. Tofauti isizidi milimita 0.1, ikizidi, legeza boliti zinazoshikilia shafti au meza, kutegemea aina ya mashine, na urekebishe. Baada ya hapo panga reli ya mwongozo iwe sambamba na mfereji huohuo. Mafundi wengine hupenda nyuma ya reli iwe mbali na bledi zaidi ya mbele kwa unene wa karatasi moja, ili meno ya nyuma yanayopanda yasikwaruze ukuta uliokwisha kukatwa, nami naona ni busara. Kinyume chake, reli inayokaribia bledi kwa nyuma, ni hatari na pia huunguza.

Pembe ya mraba ipimwe kwa guniya iliyowekwa juu ya meza na kuegemezwa kwenye bamba la bledi, si kwenye meno. Hata hivyo, usitegemee guniya peke yake, kwani kosa la nusu digrii katika ubao wa milimita 25 huzaa mwanya wa karibu milimita 0.2, na mbao mbili zenye kosa hilo upande uleule zikikutana mwanya huwa milimita 0.4. Dawa yake ni ya zamani na haigharimu chochote: weka alama kwenye uso wa juu wa kila ubao, kisha katika kila kiungo pasua ukingo mmoja alama ikiwa juu na mwenzake alama ikiwa imelala mezani. Mbao zikikutanishwa, kosa la moja hufidiwa na kosa la nyingine, na meza hukaa bapa.

Kupasua

Msumeno hauwezi kunyoosha ubao ambao ukingo wake unaoegemea reli umepinda. Utanakili upindo huo upande wa pili. Nyoosha kwanza ukingo mmoja kwa randa, au kwa kuufunga ubao juu ya kipande kilichonyooka kinachotembea kwenye reli. Kisha pasua kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza acha ziada ya milimita 5 au 6 na uache mbao zipumzike, kwa sababu mbao nyingi hufungua mkazo wake wa ndani zikipasuliwa na kupinda kidogo. Zikipinda, nyoosha tena, na ndipo utumie bledi ya gundi kwa mkato wa mwisho. Ziada hiyo inazidi upana wa njia ya msumeno kwa makusudi: meno yakizungukwa na mbao pande zote mbili hukata kwa uwiano, lakini yakimega ukanda mwembamba wa upande mmoja bamba, hasa la bledi nyembamba, husukumwa nje na ukingo huyumba.

Inua bledi hadi mabonde ya meno yatokeze juu ya ubao, ili takataka ipate kutoka na meno yashuke kwa wima zaidi. Banza ubao kwenye reli kwa ubao wenye vidole vya kubana, uliofungwa mezani kabla ya bledi na kamwe si sambamba nayo wala nyuma yake, kwani ukibana hapo utaufunga mkato. Sukuma kwa mwendo mmoja usiokatika, kwa fimbo ya kusukumia vidole vinapokaribia, na simama nje ya mstari wa bledi. Kila mahali utakaposimama kubadilisha mkono, hata kwa nukta moja, patabaki mstari mweusi.

Ukingo wenyewe utakueleza kilichoharibika. Matao yaliyokolea yanayojirudia kwa umbali sawa huashiria jino moja lililotokeza au bledi inayoyumba. Matao yanayopishana kama wavu yanaonyesha kwamba meno ya nyuma yanagusa yakipanda, kwa hiyo rudi kwenye reli. Weusi wa mwanzo hadi mwisho katika mbao ambayo jana ilikatika vizuri kwa kawaida ni utomvu uliogandamana kwenye meno, na bledi nyingi hupelekwa kunolewa zikiwa chafu tu. Izamishe katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa dakika chache, sugua kwa brashi laini ya shaba, ikaushe mara moja na uipake mafuta mepesi, kisha uyafute kabla ya kazi ili yasifike kwenye kingo. Ikiwa bado inaunguza baada ya hapo, ni wakati wa mnoaji mwenye mashine ya jiwe la almasi, na umwambie kwamba ni bledi ya kingo za gundi, asije akabadilisha umbo la meno.

Kingo zilizokatwa ziungwe siku hiyohiyo ikiwezekana, kwa kuwa mbao huendelea kucheza na unyevu wa hewa. Kwa msaji na mbao nyingine zenye mafuta, pangusa kingo kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi. Kabla ya gundi, zikutanishe mbao zikiwa kavu na uzishike kwenye mwanga. Kiungo kikifunga kwa kubanwa na mikono miwili tu, bledi na mashine vimefanya kazi yake. Kikihitaji klampu ili mwanga upotee, usipake gundi, rudisha ubao kwenye msumeno ukatwe upya.